Waliofyeka Kiwanja cha Ndege

Wapendwa, kabla hatujasimama kutoa shukrani zetu za leo, kaeni kidogo. Najua jua limepanda, na kuna akina mama hapa wameacha maharage motoni na mioyo yao iko jikoni. Nitawapa mfano mmoja tu. Lakini msiniache katikati, maana mfano huu una mwiba, na mwiba wake uko mkiani.

Kulikuwa na mama mmoja aliyekaa mjini miezi mingi akimuuguza mwanawe. Mtoto alizaliwa na moyo mbovu. Akilia kidogo tu, midomo inageuka rangi, mama anamkumbatia akiomba asilie tena. Kijijini kwao, ng'ambo ya pori ambalo masika likiingia halipitiki kwa gari, watu walikuwa wameshakata tamaa. Babu yake alikuwa ameshachagua mahali pa kumlaza, nyuma ya migomba, ingawa hakumwambia mtu. Lakini madaktari walimpasua yule mtoto, wakamshona, na akapona. Nasema akapona! Akanyonya, akashiba, akalia kwa nguvu zake zote na midomo ikabaki vilevile. Mama akacheka hospitalini peke yake mpaka wauguzi wakaja kumtazama.

Basi habari zikatangulia nyumbani. Kwaya ikashona sare mpya. Ng'ombe akatengwa. Na rubani wa ile ndege ndogo ya misheni, yenye injini moja, akakubali kuwarudisha mama na mtoto.

Asubuhi ya safari mama alifika uwanjani na ndugu zake wa mjini, na ndugu walifika na mizigo. Viroba vya mchele, kreti za soda, sufuria, vitenge. Rubani akatoa mizani. Kila kitu akakipima, hata mtoto, na mama akacheka kumwona mwanawe akipimwa kama kuku wa sokoni. Kisha rubani akakuna kichwa.

"Mama, soda zibaki. Na mchele huu ubaki."

"Zibaki? Baba, ninakwenda kwenye shukrani yangu mwenyewe. Nitaingiaje mikono mitupu?"

"Ndege hii ina kiasi chake. Kila kilo ya mchele ninayopakia ni kilo ya mafuta ninayoiacha hapa chini."

"Kwani mafuta yaliyomo hayatufikishi?"

"Yatatufikisha."

"Basi!"

Nanyi akina baba mnaijua hiyo "basi". Ikishatamkwa namna ile, hakuna mwanamume anayeongeza neno. Rubani aliyaona machozi yanakaribia, akapakia soda, akapakia mchele, na yale mafuta ya ziada aliyokuwa amepanga kuyaongeza akayaacha kwenye pipa. Msimhukumu. Hakuvunja kanuni yoyote. Alikuwa na mafuta ya safari, alikuwa na mafuta ya kwenda kutua kiwanja cha kando kukiharibika, na juu ya hayo alikuwa na akiba, yale mafuta ambayo rubani mwenye akili hayagusi, anatua nayo. Alichokiacha ni nafasi ya kupumua tu.

Halafu akapanda juu ya bawa, akafungua tangi, akatumbukiza kijiti chenye alama na kukichomoa, akatazama palipolowa. Mama akashangaa.

"Huko ndani hakuna mshale wa kuonyesha mafuta?"

"Upo," rubani akasema. "Mshale ni wa kuombea. Kijiti ndicho cha kuamini."

Wakaruka. Mwanzoni mama alifurahi. Mtoto alilala kifuani, na mama alikuwa anaipanga siku kichwani mwake: atashukaje, mumewe atasimama wapi, nani ataanza kupiga vigelegele. Lakini kadiri walivyokwenda alitazama chini na kuona kivuli cha ndege kinatambaa juu ya miti, polepole, kama kimechoka. Upepo ulikuwa unawapiga usoni. Injini inanguruma ileile, mafuta yanaungua yaleyale, lakini pori halisogei.

Sasa, katikati ya lile pori palikuwa na jabali jeusi. Rubani alikuwa ameamua tangu yuko chini kwamba akilifikia kwa wakati, ataendelea, na akichelewa, atakata kushoto kwenye kiwanja kidogo cha porini. Aliamua akiwa chini, wapendwa, kwa sababu alijijua. Juu kule, ukiiona nyumba kwa mbali, moyo unaanza kupiga hesabu zake wenyewe.

Wakalifikia jabali. Rubani akatazama saa yake. Akakata kushoto. Mama akauona mlima wa kwao, mlima aliozaliwa chini yake, unatoka kwenye kioo cha mbele na kuhamia cha pembeni.

"Baba, unakwenda wapi? Mlima wetu ule pale!"

"Tunateremka kando, mama. Upepo umekula mafuta."

"Si ulisema yatatufikisha?"

"Yatatufikisha nikila akiba. Na akiba siili."

"Mume wangu yuko pale! Watu wote wako pale wananingoja! Wewe unaogopa tu."

"Ni kweli," rubani akasema. "Naogopa."

Mama akageuza uso dirishani, akalia kwa hasira. Hebu tuambizane ukweli, ni nani kati yetu asingelia? Miezi yote ile umeomba urudi nyumbani na mtoto wako mzima, nyumbani unakuona kwa macho, na mtu mmoja mwenye saa mkononi anakugeuza. Tungesema shetani ameingia kwenye safari. Wengine tungeanza kukemea palepale angani.

Ndege ikashuka. Mama alitegemea kuona kichaka, maana huko porini nani anatunza kiwanja? Akaona mstari mrefu wa kijani kibichi, umekatwa vizuri kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi, na kando zote mbili mawe yaliyopakwa chokaa. Magurudumu yakagusa, na mtoto hata hakuamka.

Watu wakatokea kando ya kiwanja, wanawake kwa wanaume, kila mmoja na fyekeo lake mkononi. Mbele yao mwanamke mmoja mnene, kavaa buti za mvua, anacheka meno yote nje.

"Mmekawia nyie!" akawaambia. "Tulishaanza kusema mmetusahau."

"Mlikuwa mnamngoja nani?" rubani akauliza.

"Yeyote."

Rubani akapanda kwenye bawa, akatumbukiza kijiti. Akamwonyesha mama palipolowa, ncha tu. Kisha akamnyooshea kidole kule walikotaka kwenda. Mlima haukuwapo. Wingu zito lilikuwa limeumeza wote, na radi inapiga ndani yake.

"Tungekuwa wapi sasa hivi?" mama akauliza.

"Mle ndani. Tunazunguka, tunatafuta tundu la kushukia. Na pa kurudi tusingekuwa napo."

Mama akakitazama kijiti, akalitazama wingu, akamtazama mwanawe. Ile hasira ikamtoka yote. Akamshika rubani mkono. Kisha akamgeukia yule mwanamke wa buti.

"Dada, ndege zinakuja sana hapa?"

"Hapana. Ilikuja moja tu, mwaka wa mafuriko. Ilibeba wagonjwa wetu, na mimi nilikuwemo, nabebwa kwenye machela. Wenzangu wakamwuliza rubani, 'Baba, tukushukuru kwa kitu gani?' Akawaambia, 'Fyekeni majani.' Akaondoka."

"Akarudi lini?"

"Hajarudi."

"Na bado mnafyeka?"

Yule mwanamke akamshangaa. "Alisema tufyeke. Hakusema mpaka lini."

Wapendwa, mama alikaa chini juu ya kreti ya soda, akalia mara ya pili siku ile, na kilio hiki hakikufanana na kile cha kwanza. Akaona kwamba mwanawe ameshikwa na mikono ya watu wasiolijua hata jina lake, watu walioinama juani mwaka baada ya mwaka wakimfyekea mgeni ambaye hajazaliwa. Alipoinuka akafungua vile viroba. Mchele ule uliochukua nafasi ya mafuta ukapikwa palepale. Soda zikanyweka, za moto vilevile, na waliofyeka wakazisifu kama zimetoka kwenye barafu. Rubani akazungumza na kijiji kwa redio ya upepo, na huko nyumbani mume aliyekuwa anazunguka kama kuku anayetaka kutaga akaambiwa mkewe na mtoto ni wazima. Akapiga magoti palepale kwenye tope.

Kesho yake gari la misheni likafika kwa upande wa pili wa pori, unaopitika, likapakua madumu ya mafuta. Upepo ulikuwa umelala na mlima umesimama wazi, hauna hata utepe wa wingu. Ndege ikaruka nyepesi, haina mchele wala soda. Mama alipunga mkono mpaka yale mawe ya chokaa yakawa hayaonekani tena.

Ningeishia hapa, mngesema amina, mkaenda kuyaokoa maharage. Lakini niliwaambia kuna mwiba.

Ndege ikafika juu ya kijiji. Chini kwaya imesimama na sare zake, vigelegele vinapanda. Ndege ikashuka, ikashuka, halafu ikanguruma na kupaa tena. Ikazunguka. Watu wakafurahi zaidi, wakasema rubani anatusalimia! Wakapunga vitambaa. Ikashuka tena, ikapaa tena.

Unajua kulikuwa na nini? Majani ya kiwanja yalikuwa yamefika magotini. Hakuna aliyewahi kuyagusa, maana siku zote ndege ilikuwa inakuja tu, na inayokuja tu hatuifyekei. Na katikati ya kiwanja, amefungwa kamba ndefu ili anenepe, anatafuna kwa raha zake, alikuwa yule ng'ombe. Ng'ombe wa shukrani!

Walio chini wote walidhani ni salamu. Mama peke yake, kule juu, alijua. Kila mzunguko alikiona kile kijiti machoni mwake, na ile ncha yake iliyolowa. Mwishowe mtu mmoja alielewa, wakakimbia, wakamburuta ng'ombe, na ndege ikatua majani yakichapa magurudumu yake.

Mama akashuka. Akamkabidhi mumewe mtoto, na yule bwana akamkumbatia kifuani. Babu akaja, akaweka sikio lake kifuani pa mjukuu, akausikiliza ule moyo, na machozi yakamwagika kwenye ndevu. Ilikuwa furaha, wapendwa. Furaha ya kweli, msidhani nitaiharibu. Mchungaji akainua mkono, kwaya ikanyamaza.

"Mama, tupe neno lako la shukrani."

Mama akazitazama zile sare mpya. Akazitazama suti za wazee. Akalitazama lile jani lililopanda mpaka magotini.

"Fyekeo liko wapi?" akauliza.

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akajifunga kanga kiunoni, na walipomletea fyekeo akainama na gauni lake la shukrani, akaanza kufyeka. Huku anafyeka anawasimulia habari za wale watu, na yule dada wa buti, na mawe ya chokaa. Alipofika mahali pa "hakusema mpaka lini", mumewe alimpa bibi wa mtoto amshike, akavua koti. Kisha kwaya, sare zote. Kisha mchungaji akapandisha joho. Nyama ililiwa jioni sana siku ile, na walioila walikuwa na malengelenge mikononi, na wanasema hawajawahi kula nyama tamu vile.

Sasa tugeuke kwetu. Mimi na wewe tumeshateremka kwenye viwanja vya watu. Kuna siku safari yako ilikatwa kushoto, ukalia, ukakasirika na Mungu, na leo unajua kule mbele kulikuwa na wingu. Na ulipoteremka ukakuta pamefyekwa. Bibi fulani alikuwa amekuombea kabla mama yako hajakuchukua mimba. Jirani fulani alifungua mlango bila kuuliza unatoka wapi. Hukuwahi kuwaona wakifyeka. Uliona majani mafupi tu, ukatua salama.

Tukafanya nini? Tukashona sare. Tukamfunga ng'ombe katikati ya kiwanja, tukaimba.

Siwakatazi kuimba! Leo tutaimba mpaka bati litetemeke, maana tuna mengi ya kushukuru. Lakini nawaulizeni, nawe wa nyuma pale karibu na mlango nakuuliza pia. Sasa hivi, tukiwa tumekaa hapa, kuna mtu yuko juu. Humjui. Anatazama saa yake, upepo umekula mafuta yake, nyumbani hapafikiki tena, na anakata kona anakuja kwako. Atakuta nini?

Simameni tumshukuru Mungu. Na tukitoka hapa kila mtu alitafute fyekeo lake. Aliyetuambia tufyeke hakusema mpaka lini.