Mkono wa Mheshimiwa Tackett

Sogeeni, na anayetafuna karanga apunguze, maana hii ina damu.

Huko Marekani, enzi bibi yenu bado anachumbiwa, palikuwa na mbunge, Orville Tackett. Aliingia mgodi wa makaa ya mawe akiwa na miaka kumi na minne, akaenda vitani, akarudi, akachaguliwa mara sita. Alikuwa na tabia moja: mkono wa mtu haukatai, hata wa adui. Siku ya mkutano anashika mikono mpaka kiganja kinavimba, kama bwana harusi kwenye walima.

Walimzunguka watu watatu. Mkewe Verna, mwenye macho, hata nzi mwenye kilema akipita anamwona. Dereva wake Enos, ngumi kama mchi. Na mpinzani wake, Dakta Pruitt, vidole vya kushona nyama. Huyo na Tackett walikuwa wakitukanana majukwaani kama wake wenza.

Sasa Tackett akapigania sheria ya kuwalinda wachimbaji wasifukiwe na vifusi. Mwenye mgodi akachukia, akakodi mtu wa kumuua.

Siku ya kampeni nguruwe anachomwa, wenzetu hawana habari na haramu, na foleni ndefu ya kumpa mheshimiwa mkono. Akaja mmoja, katoa wa kushoto.

Verna akaona. "Orville, huyo anakupa kushoto. Wa kulia kauficha wapi?"

Mheshimiwa, kwa ile tabia yake, alishaushika. Lakini aligeuka kumtazama mkewe, na kisu kilichokuwa kinaufuata moyo kikazama kwapani, upande wa kulia.

Muuaji akakichomoa ili arudie. Enos akajitupa katikati, kisu kikamtoboa jicho. Hakurudi nyuma. Akampiga yule mtu hivyohivyo, damu inamwagika, mpaka taya likaning'inia kama mlango wa choo chetu.

Damu ya mheshimiwa nayo inaruka kama bomba lililopasuka. Dakta Pruitt, aliyekuwa anangoja zamu yake ya kumtukana, akaingiza vidole jerahani, akaubana mshipa. Saa nzima. "Usife, mwizi wa kura we," anamwambia, "nitamshinda nani?" Chama chake kikamfukuza kwa kumwokoa adui.

Mheshimiwa akapona, ila mkono wa kulia ukafa, na nguvu za ubunge hana tena. Watu wake wakamwambia, "Utakayemshika mkono mbele yetu, huyo ndiye tutakayemchagua."

Verna akasema, "Hotuba zako miaka kumi na mbili nimeandika mimi. Na bila macho yangu ungekuwa kaburini."

"Macho yako unayo yote, mama," Enos akamjibu. "Langu moja liko kule kwenye majani."

Dakta akasema, "Mimi nilikuwa na chama."

Mheshimiwa akasimama. Mikono mitatu imenyooshwa mbele yake, na yeye, ambaye hajawahi kukataa mkono wa mtu, kabakiwa na mmoja tu ulio hai, wa kushoto.

Haya, wewe unayecheka hapo, na wewe uliyesahau karanga mdomoni: ungekuwa ni wewe, mkono huo ungempa nani?