Jina Moja kwenye Ukurasa wa Mwisho

Fumbo hili limewashinda wote waliowahi kulisimulia, na anayelisimulia sasa ni mmoja wao.

Katika nchi ya Wayunani, enzi za vitabu vya ngozi, watawa watatu waliishi katika monasteri ya mlimani. Efrosina hakuogopa shimo lolote. Kasiani alikuwa na mkono usiotetemeka. Makrina, ambaye macho yake yalikwisha fifia, hakusahau neno alilolisikia kanisani.

Monasteri ilikuwa na kitabu kimoja tu cha masomo ya Injili. Maharamia waliposikika pwani, mtunza kitabu alikificha, kisha homa ikamuua kabla hajasema wapi. Pasaka ikakaribia.

"Atakayetuokolea kitabu," Mama Mkuu akatangaza, "jina la marehemu wake litaandikwa ukurasa wa mwisho, aombewe kila Pasaka."

Desturi yao ilikuwa kitabu kimoja, jina moja. Makrina akamkumbuka kaka yake Lukiano, aliyezama baharini asipate kaburi wala sala.

Walipokwisha kutafuta kila mahali pengine bila kukiona, Efrosina alishuka kwa kamba ndani ya birika la maji ya mvua, lililochimbwa chini ya ua. Alipanda na mtungi uliopasuka. Kitabu kilikuwamo, kimelowa, nyuzi zilizoshona kurasa zake zimeoza.

"Dada, unanuka chura!" Kasiani alisema.

"Chura aliyeleta Injili. Nipishe nikaoge."

Kasiani alizibandua kurasa kwa kijisu cha mfupa, akazianika kivulini, maana jua lingezikunja. Hakuna hata moja iliyochanika. Ila alizipanga kuanzia Mathayo, na masomo yakawa yanakatika katikati.

Makrina akacheka. "Mwenzangu, hiki ni kitabu cha ibada. Mwaka wake unaanza Pasaka, na Pasaka tunaanza na Yohana. Hebu nisomee mwanzo wa kila ukurasa."

Kasiani akasoma, Makrina akataja mahali pake, hadi kitabu kikakaa sawa.

Asubuhi ya Pasaka shemasi aliimba somo bila kukwama, na kanisa zima likashusha pumzi.

"Mama, andika jina la mwanangu niliyemzika kabla sijawa mtawa," Efrosina alisema. "Bila mimi kingeozea birikani."

"Na bila mimi kingekuwa bonge la ngozi," Kasiani akasema. "Andika la mama yangu."

Makrina akauliza kwa sauti ndogo, "Bila mimi, shemasi angeanzia wapi?"

Mama Mkuu akafungua kitabu ukurasa wa mwisho. Kisha akaamua: watakaosikia kisa hiki ndio watakaochagua, na mwandishi atakuwa Kasiani, hata jina lisipokuwa la mama yake.

Kasiani amekwisha chovya kalamu. Makrina ametega sikio. Je, wewe uliyesikia, ungemwambia aandike jina la nani?