Mkeka Uliokataa Kugawika

Hapo zamani, wala si zamani ya majitu na majini, ni zamani ya juzijuzi tu ambayo wenyewe wakiulizwa hujifanya wameisahau, palikuwa na mji ukiitwa Kikindu. Mto ulifurika bondeni, ukabeba nyumba, na watu wa bondeni wakapanda Kikindu na vyungu vyao kichwani. Wenyeji wakawapokea vizuri. Wakawapa uji, wakawapa mahali pa kujenga ng'ambo ya mtaro, kisha wakakaa kuwachunguza.

Wenyeji wakasema wageni wanapika samaki na magamba yake. Wageni wakasema wenyeji wanasalimia huku wanaondoka. Kisima kilikuwa kimoja, lakini kamba za kutekea maji zikawa mbili. Mwaka ukapita, kamba mbili. Wa pili ukapita, kamba bado mbili.

Jumbe Shomvi, mkuu wa mji, akachoka. Akatangaza kwamba kile kiwanja kitupu cha kisimani atapewa mtu atakayewaketisha watu hawa pamoja. Kila mmoja alikitamani, lakini si kama Somoe. Somoe alikuwa mgeni, mjane mwenye watoto wawili. Viwanja vya ng'ambo viliisha kabla zamu yake haijafika, akawa analala jikoni kwa mgeni mwenzake aitwaye Binti Ngwele. Kila alfajiri alitoa virago vyake nje ili mwenye jiko awashe moto. Na masika yalikuwa yanakaribia.

Sasa msikilize, maana hapa ndipo watu huanza kuegemea upande.

Bi Mwajabu, mwenyeji, msusi wa mikeka na wa maneno, ndiye aliyepata wazo. Alisema usukwe mkeka mmoja wa kuenea uwanja mzima. Kila nyumba isuke ukili wake, yaani mkanda mrefu wa ukindu, kisha kili zote zishonwe pamoja, na ifanywe sherehe, mji mzima ukae juu yake. Akatoa ukindu wake, akatoa rangi zake, akatoa ua wake. Akatoa na maoni yake juu ya mikono ya kila mtu, hayo bila kuombwa.

Wanawake wakasuka miezi miwili. Mwanzoni walikaa makundi mawili, wamepeana migongo. Lakini beseni la kulowekea ukindu lilikuwa moja, na mikono ilikutana majini. Mwenyeji mmoja akauliza wekundu ule wanaupataje. Mgeni mmoja akauliza chai hii imetiwa nini. Mambo yakaanza kwenda.

Kili zilipotimia, akaitwa Mzee Mtulia, mshonaji, mwenyeji mwenye macho ya uzee. Akaagizwa na watu wa pande zote mbili, wazi kabisa: kili za wenyeji upande wa mashariki, kili za wageni upande wa magharibi, na mstari mweusi katikati ili kila mtu ajue pake. Mzee akaitikia, akashika shazia, ile sindano yake ndefu, akashona siku tisa. Akachanganya. Mmoja wa wenyeji, mbili za wageni, tatu za wenyeji, mmoja wa wageni, hovyo hovyo mpaka mwisho. Alipogombezwa alisema mafungu hayo yeye aliyaona ya rangi moja. Mimi nimeambiwa tu: katika siku hizo tisa, mzee huyo hakuwahi kukosa tundu la shazia hata mara moja.

Basi mkeka ukarudi kwa Bi Mwajabu utiwe taraza, ule ukingo wa kumalizia. Akaona kili za wageni zina ncha zisizofungwa, zinaning'inia. Akasema moyoni, maskini, wamechoka hawa. Akawahurumia. Akazikata zote, akazikunja, akafunga taraza pande nne, safi.

Siku ya sherehe mkeka ukatandikwa. Wageni wakausogelea, wakautazama, wakarudi nyuma. Bibi mmoja wa bondeni akaanza kulia. Kwao, mkeka wa watu hai huachwa wazi pembeni, kwa ajili ya mtu ambaye hajafika bado. Mkeka uliofungwa pande zote ni wa kumviringishia maiti.

Bi Mwajabu akaapa kuwa hakujua, na kweli hakujua. Lakini nani alimsikia? Wageni wakasema wametafutiwa kifo. Wenyeji wakasema watu hawa hawana shukrani. Binti Ngwele ndiye aliyepaza sauti kuliko wote: ukatwe, kila mtu achukue chake.

Jumbe akakubali kwa shingo upande. Desturi ya Kikindu ni kwamba kitu cha shirika kikivunjwa, kisu hushikwa na mwenye kipande cha katikati. Wakahesabu kili. Ukili wa katikati ulikuwa wa Somoe.

Somoe akapewa kisu. Akazunguka mkeka mara moja, akaona alivyoshona Mzee Mtulia. Hapakuwa na nusu ya mtu yeyote. Akikata, zitabaki kamba tu. Akamtazama Binti Ngwele, mwenye jiko, naye Binti Ngwele akamtazama. Wote wawili walielewana. Kisha Somoe akachuchumaa, akakata nyuzi za taraza pembe moja tu, upana wa mtu mmoja kukaa. Akaweka kisu chini, akazichambua ncha mpaka zikaning'inia, akaketi kando yake.

Yule bibi wa bondeni akafuta machozi, akaja akaketi. Bi Mwajabu akautazama ukingo wake ulioharibiwa, naye akaketi. Mji mzima ukaketi. Jioni ile Somoe alikuta virago vyake nje ya jiko, na mlango umefungwa.

Kesho yake wakarudi mkekani, na Jumbe akauliza kiwanja ni cha nani.

Bi Mwajabu akasema, "Kabla yangu palikuwa na mkeka gani? Nimekosea, nimekiri. Lakini hata ugomvi wenyewe mngegombania wapi? Nakitaka kwa ajili ya binti yangu anayeolewa."

Mzee Mtulia akasema, "Ningewasikiliza, leo mngekuwa na mikeka miwili na kamba mbili. Nami kila nikienda kuteka maji natumbukia mtaroni." Wakamuuliza kama alichanganya kwa kusudi. Akasema macho yana uzee.

Somoe akasema, "Bi Mwajabu aliwaketisha mkiwa mnacheka. Mzee aliwafunga kwa uzi. Mimi nilikuwa na kisu mkononi, nikakiweka chini, na usiku nililala nje na wanangu."

Pakazuka zogo. Na tazama, wageni kadhaa walimtetea Bi Mwajabu, wenyeji kadhaa walimtetea Somoe, na Binti Ngwele, msinicheke, alimtetea Mzee Mtulia. Hakuna aliyekumbuka kukaa upande wake.

Hapo tone la kwanza la mvua likaanguka katikati ya mkeka, kisha la pili. Watu wakainuka kuukunja, wameshika kingo zote, na Jumbe bado anasubiri jibu.

Nanyi msiinuke kwanza. Watoto wa Somoe wamesimama mvuani. Semeni upesi: yule aliyewaza, yule aliyekosea kushona, au yule aliyekataa kukata? Je, nani alistahili?