Kindi, Nyani na Kifuniko cha Birika

— Paukwa!
— Pakawa!
— Birika la chai?
— Limejaa!
— Kifuniko?
— Kiko wazi!
— Basi nimimine?
— Mimina, bibi, tunywe!

Haya, sogeeni. Na anayetafuna karanga atafune kimyakimya, maana hadithi hii ni ya chakula na mimi mwenyewe nina njaa.

Hapo zamani, wanyama walipokuwa bado wanavaa vizuri siku ya Jumapili, palikuwa na mkahawa wa Korongo. Korongo huyu alikuja akiruka kutoka Uchina, akauona mji wetu, akaupenda, akatua. Akapaka mlango rangi nyekundu. Akatundika taa za karatasi. Akaanza kupika dimsamu, yaani vyakula vidogovidogo vya mvuke, vinavyoletwa ndani ya vikapu vya mwanzi.

Hapakuwa na karatasi ya kuchagulia chakula. Bata, mhudumu, alisukuma kigari kutoka jikoni, gurudumu moja bovu, kwiri-kwiri-kwiri, vikapu vinafuka moshi. Ukiona unachopenda, unanyoosha mkono, unachukua. Bata hakutabasamu hata siku moja. Ukimuuliza, "Hiki ni nini?" anakujibu, "Chakula." Lakini tulimpenda, sijui kwa nini. Siku hizi wahudumu wanatabasamu mpaka meno yanakauka, na chakula chenyewe hakina ladha.

Chai alimimina Korongo mwenyewe, chai ya asumini, ya bure, unywe utakavyo. Nayo ilikuwa na adabu zake. Ukitaka kuongezwa, unaacha kifuniko cha birika wazi, Korongo anakuja bila kuitwa. Akimimina, unagonga meza kwa vidole viwili, ko-ko. Hiyo ndiyo asante.

Kila Jumapili Mzee Kindi alikuja na mkewe, na binti yao Kindi katikati. Mkewe alipenda kitu kimoja tu: kamba wa baharini, wamefungwa ndani ya unga mweupe mwembamba hadi unawaona kwa ndani, wekundu. Kikapu kimoja, watu watatu, na vicheko tele. Kisha mama akafariki. Mzee na binti yake wakaendelea kuja, wakiagiza kwa macho kikapu kilekile.

Ndipo akaja Nyani.

Nyani alikuwa na nguvu, na tumbo, na mikono mirefu. Akaichagua meza iliyo mlangoni mwa jikoni. Kigari kikitokea, kwiri-kwiri-kwiri, kabla hakijafika popote, Nyani anapiga kelele: "Hicho nipe! Na hicho! Na hicho cha nyuma!" Kikifika kwa akina Kindi, kimebaki mvuke. Wiki hadi wiki, mzee hakuonja kamba.

Jumapili moja Korongo akasimama katikati ya mkahawa. Akasema, "Wageni wangu, leo nafunga. Mabawa yanazeeka, nataka kuruka kwetu nikiwa bado naweza. Kamba waliobaki jikoni ni wa vikapu vitatu tu."

Mzee Kindi akamshika binti yake mkono. "Mwanangu, kimoja tu. Nimuage mama yako vizuri."

Kwiri-kwiri-kwiri! Bata akatoka na kikapu cha kwanza.

"Hicho nipe!" Nyani akala.

Kindi akamwendea. "Shikamoo, Bwana Nyani."

"Marahaba. Sema upesi, chakula kinapoa."

"Baba yangu anaomba kikapu kimoja cha kamba. Kimoja tu, kwa ajili ya marehemu mama."

"Mkono wangu mrefu, mkono wenu mfupi," akasema Nyani. "Sasa nimlaumu nani?" Kisha akainua kikombe cha chai, akakimaliza, akalamba hata pembeni.

Kindi akaona. Kumbe huyu hawezi kuacha kitu cha bure!

"Nisamehe kwa usumbufu," akasema Kindi, akageuka. Alipogeuka, mkia wake ukapita juu ya birika. Te! Kifuniko kikawa wazi.

Korongo akaja. Chururu! Nyani akagonga ko-ko, akanywa gu-gu-gu. "Cha bure nitakiachaje?"

Kindi akaenda kutazama taa za karatasi. Mkia ukapita. Te! Chururu! Ko-ko! Gu-gu-gu! "Cha bure nitakiachaje?"

Kwiri-kwiri-kwiri! Kikapu cha pili.

"Hicho nipe!" Nyani akala, lakini sasa alikuwa amekaa upande mmoja.

Kindi akaenda kuuaga mlango mwekundu. Te! Chururu! Ko-ko! Gu-gu-gu! Akaenda kuliaga dirisha. Te! Chururu! Ko-ko! Gu... gu... gu. Jasho likamtoka Nyani. Akabana miguu.

Bata aliuona ule mkia. Alitokea na kikapu cha mwisho, akasimama palepale mlangoni, akainama kukagua gurudumu ambalo hakulikagua miaka yote.

"Hi... hicho nipe!" akasema Nyani.

"Kichukue," akasema Bata.

Lakini ile mikono mirefu ilikuwa chini ya meza, yote miwili, imeshika tumbo. Akiachia, aibu mbele ya mji mzima. Akishika, kikapu kinapita. Bata akainuka. Kwiri. Nyani akatetemeka. Kwiri. Nyani akang'ata meza. Kwiri!

"Niwekeeniii!" Nyani akaruka, akapindua kiti, akakimbilia msalani, puru-puru-puru!

Kindi akanyoosha mkono wake mfupi. Akachukua.

Mzee Kindi akakifungua kikapu. Mvuke ukampanda usoni. Akala mmoja, polepole, macho yamefumbwa. Kisha akagonga meza kwa vidole viwili. Ko-ko.

"Baba," akasema Kindi, "hakuna aliyekumiminia chai."

"Najua. Mama yako ndiye aliyekuwa akiniwekea kamba wa kwanza sahanini. Sikuwahi kumgongea meza. Nilidhani asante ile ni ya chai peke yake."

Kindi akamwekea baba yake kamba wa pili.

Nyani alirudi akakuta kikapu kitupu na Bata akifuta meza. Wanasema Bata alitabasamu. Mimi sikuona. Jioni Korongo akazima taa zake, akaruka, nasi tukabaki tunatazama juu mpaka shingo zikauma. Siku hizi pale wanauza magodoro. Kila Jumapili Nyani anakuja, anasimama nje, anagonga kioo kwa vidole viwili, na mwenye duka anadhani anataka godoro.

Sasa nyie mtaniuliza, bibi, funzo ni lipi? Funzo ni hili: msiguse kifuniko cha birika la mtu. Ni utovu wa adabu, na Kindi alifanya vibaya sana. Na mkilazimika kugusa, guseni kwa mkia.

— Birika?
— Tupu!
— Kifuniko?
— Kimefungwa!
— Na aliyewamiminia je?
— Ko-ko!