Bwana Harusi wa Kushonwa

Paukwa!
—Pakawa!
Palikuwa na nini?
—Sema wewe mwenye mdomo!
Basi nyamazeni. Na wewe unayetafuna huko nyuma, tafuna kimya.

Hapo kale palikuwa na kisiwa kidogo, na kisiwani mlikuwa na chui milia. Si wale wakubwa wa nchi za theluji, la. Hawa walikuwa ukoo wao wenyewe: wafupi, rangi imekolea, milia imebanana kama ukili wa mkeka. Duniani kote hakuna wengine kama wao ila hapo.

Watu wa kisiwa waliwapenda. Waliwapenda, wakawaua. Ngozi akalie Jumbe. Makucha avishwe mtoto asishtuke. Masharubu yatiwe kwenye dawa, wanaume wapate nguvu. Nguvu zenyewe sijaziona, na mimi nimeolewa mara tatu.

Wakaua, wakaua, wakaua, hata akabaki mmoja. Jike. Bi Milia.

Walioshangilia ni nguruwe mwitu. Zamani nguruwe akila muhogo alikuwa anatazama nyuma. Sasa akala bila kutazama. Akala amelala. Akala akamwita na shemeji yake. Mihogo ikaisha, viazi vikaisha, watoto wakawa wanalala na uji wa maji matupu.

Watu wakamwendea Jumbe Mwinchande, mkuu wa kisiwa. "Jumbe, tunakufa njaa!"

Jumbe akajikuna pale pale alipoketi, juu ya ngozi yake ya chui. "Tumwombe Bi Milia azae. Wanawe watatufukuzia nguruwe."

Akatumwa Bi Zalia, mshenga wa kisiwa, aliyewahi kuwaozesha hata walioapa hawaoi. Akafika msituni, akasimama mbali, adabu mdomoni na kanga kaikunja tayari kwa mbio.

"Hodi, Bi Milia!"

"Karibu. Mbona husogei?"

"Hapa panatosha, mwenzangu. Wazee wamenituma. Wanakuomba uzae."

Bi Milia akapiga miayo. Meno yote yakaonekana. "Nizae na nani? Na jiwe? Nileteeni mume. Nikipata mume nitazaa, na wanangu nguruwe watawaona. Haya, nenda, unanitia njaa."

Jambo jepesi, au siyo? Mume tu. Jumbe akatuma watu wakapose.

Wakaenda kisiwa jirani. "Tunaposa chui dume." Wakajibiwa: "Poleni. Wetu tuliwamaliza."

Wakaenda nchi ya matete, kando ya bahari isiyo na mlango. "Tunaposa chui dume." "Poleni. Wetu tuliwamaliza, na matete tukafyeka, tukalima pamba."

Wakaenda nchi ya theluji. "Tunaposa chui dume." "Tunao, lakini wachache mno, hatuwatoi. Kwani nyie wenu mliwafanyaje?"

Wakatazama vidole vya miguu yao. Wakarudi.

Jumbe Mwinchande hakuwa mtu wa kukubali kushindwa. Angekuwa hivyo, angepata akili mapema. Akasimama akasema, "Dume tunalo! Limo humu humu kisiwani, ila limetawanyika. Tulikusanye!"

Hamcheki? Wenzenu walipiga makofi.

Jumbe akatoa ngozi yake, machozi yanamtoka. Kina mama wakavua makucha shingoni mwa watoto. Wanaume wakaleta masharubu, yale ambayo hayajanywewa. Fundi cherehani akashona. Tumboni wakajaza usumba wa makumbi ya nazi, machoni wakatia vifungo vya koti, mkia hawakuupata, wakafunga kamba ya katani. Wakamfukiza udi, wakamvika kilemba. Wakambeba kwa ngoma na vigelegele, mchana kweupe, hadi msituni.

Bi Milia akatoka. Akamzunguka bwana harusi. Akamnusa shingo. Akamnusa ubavu. Akarudi nyuma hatua moja.

Bi Zalia akaona biashara inalala. "Bibi, mume ndiye huyo! Mpole. Hatoki nje. Wala hana mama wa kukusumbua."

"Namjua," akasema Bi Milia.

"Unamjua?"

"Ni mume wangu huyu. Alikwenda kunywa maji, hakurudi. Mimi nikasema kapata mke mwingine, nikamtukana miaka. Kumbe masikini yuko chini ya makalio ya Jumbe."

Ngoma ikakatika. Watu wote wakamgeukia Jumbe.

Jumbe akakohoa. "Basi si heri? Hamtahitaji kuzoeana."

Bi Milia akamtazama. Akamtazama sana. Kisha akamkamata bwana harusi ukosi wa shingo, kama paka anavyombeba mwanawe. "Nimempokea," akasema. "Watoto nitakaozaa naye, nitawaletea wote."

Akaingia naye msituni.

Watu wakashangilia! Wakarukaruka! Wakarudi mjini wakapika mchele wa mwisho, wakala, wakakaa kungoja watoto. Wakangoja. Wakangoja. Bi Milia akazeeka, akafa, na ukoo wake ukafa naye. Nguruwe nao walikuwa wamejificha wakiwangoja watoto hao kwa hofu, ila wao walichoka upesi zaidi, wakarudi mashambani.

Hata leo ukifika kisiwa kile utawaona wanaume wazima wanapokezana zamu. Jumbe naye ana zamu yake, hakuna mkubwa. Anapiga magoti katikati ya muhogo, anaweka mikono chini, ananguruma mpaka shingo inamvimba.

Nguruwe wanamsikiliza kwa heshima. Akimaliza, wanaendelea kula.

Ngano yangu imefika mlangoni, mimi naishia hapa. Ikiwa imewachekesha, gawaneni. Ikiwa imewawasha, kila mtu ajikune mwenyewe.