Wapangaji Wapya wa Bi Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mashamba, na majirani, na maneno ya mipakani kama sisi, alikuwako mjane mmoja akiitwa Bi Nguchiro. Na wewe uliyeinua mkono, hapana, nguchiro si panya. Ni mdogo, ana mkia mrefu, ana mbio, na hana mchezo. Kaa chini usikilize.

Bi Nguchiro alikuwa na shamba kando ya mto, aliloachiwa na marehemu mumewe. Alitaka kuliuza. Si tamaa, jamani! Binti yake, Tunu, aliolewa ng'ambo ya mto, naye alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza, hana wa kumkanda wala wa kumpikia uji. Masika yakianza mto hujaa, na kuvuka ni baada ya miezi minne. Akiliacha shamba bila kuuza, wakubwa watalimeza. Akingoja, mwanawe atajifungua peke yake.

Mnunuzi hakuwa taabu. Bwana Kobe alilipenda, akaahidi magunia matatu ya mtama. Ilibaki desturi tu. Na desturi ya nchi ile ilikuwa hivi: Jumbe wa kijiji auzungukie mpaka kwa miguu yake, na jirani apande ua wa michongoma kwa mkono wake mwenyewe, mche kwa mche. Ukishapanda, umekiri. Huwezi tena kusema mpaka haukuwa hapo.

Kazi ya asubuhi moja. Ilichukua wiki saba, na bado!

Jumbe alikuwa Kiboko.

"Hodi! Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba. Puuu!" Kiboko akapuliza maji puani. "Lile suala lako nalishughulikia."

"Ulisema hivyo juzi, Jumbe."

"Basi unaona, mimi sina kauli mbili. Leo jua kali, ngozi itanikauka. Njoo kesho."

Kesho akaenda, Jumbe amelala. Keshokutwa, Jumbe yuko msibani. Mtondo, Jumbe yupo, amekoga, amependeza, lakini jirani hayupo. Mnalijua jambo hilo? Mtalijua mkikua.

Jirani mwenyewe alikuwa Mzee Tembo.

"Bi Nguchiro, ardhi si jambo la pupa," alisema Tembo, akitikisa masikio fwa, fwa. "Lazima nishauriane na shangazi zangu."

"Shangazi zako wangapi, Mzee?"

"Kumi na tisa. Na mmoja yuko safarini."

Bwana Kobe naye alikuwa akija kila alipoitwa, kra, kra, kra, anafika, anaambiwa arudi. "Aibu gani hii, dada," akasema. "Mimi ndiye ninayeitwa mzito, na nimeshafika hapa mara sita!"

Siku hiyo mawingu meusi yalianza kujikusanya milimani. Bi Nguchiro alirudi kwake jioni miguu ikimuuma. Alipokaribia shamba akasikia, thi! thi! thi! Kisha, chap, chap, chap. Akajibanza nyuma ya kichuguu.

Kiboko alikuwa katikati ya shamba lake anakula majani. Tembo alikuwa akikatiza humohumo kwenda mtoni.

"Majani haya matamu, Mzee," alisema Kiboko, mdomo umejaa.

"Na njia hii fupi," alijibu Tembo. "Kobe akilipata, ua utapandwa, nitazunguka mbali mpaka nikonde."

"Basi ongeza shangazi wa ishirini. Mvua ikinyesha, yule mama atakata tamaa, atatuachia bure."

Kwa, kwa, kwa! Wakacheka.

Bi Nguchiro aliingia shimoni mwake akalia. Alilia kwa ajili ya Tunu, na kwa wiki saba za "shikamoo" zilizopotea. Alipomaliza, akapenga kamasi, akaosha uso. "Haya," akasema. "Mimi nimewafuata vya kutosha. Sasa watanifuata wao."

Asubuhi akautoa mzinga wa kale wa marehemu mumewe, akatia ndani papai bovu, akauweka juani. Saa chache tu, nzi! Nzi wa kijani, wakubwa, wengi wasiohesabika. Akaziba tundu kwa udongo, akautundika mzinga kwenye mti katikati ya shamba. Vuuuuuum! Nyinyi mmejua ni nzi. Nyamazeni.

Kisha huyo kwa Jumbe.

"Nimekuja kuaga, Jumbe. Siuzi tena."

Kiboko akafumbua macho. "Oo! Umechoka, mama wa watu?"

"Nimechoka kabisa. Shamba nimewapangisha Nyuki. Mzinga mmoja umeshaingia, thelathini inakuja kesho. Na wao hawana usumbufu, Jumbe. Wamesema mpaka watauzungukia wenyewe, kila siku, asubuhi na jioni, na maji watakunywa hapahapa mtoni kwako."

"Nyuki?" Kiboko alitoka majini bila kungoja jua lipungue. Moja kwa moja kwa Tembo.

Wakaja wote wawili. Walipofika kwenye mti, Tembo akasimama, akakunjua masikio.

Vuuuuuuuum!

Wanangu, Tembo haogopi simba wala mkuki. Lakini mtajie nyuki uone! Alirudi nyuma hatua kumi, mkonga ameuficha mdomoni.

"Jirani!" alilia. "Na Bwana Kobe je? Si ulimwahidi? Ahadi ni ahadi!"

"Nilimwahidi, Mzee. Ila Nyuki wanataka jibu leo. Kobe akikabidhiwa shamba kabla jua halijatua, nitawaondoa wapangaji. Likitua, basi tena. Na sijui itawezekanaje, maana shangazi zako..."

"Wamekubali! Wote!"

"Hata yule aliye safarini?"

"Amerudi! Amerudi sasa hivi!"

"Lakini Mzee, ukipanda ua, njia yako ya mtoni..."

"Nitazunguka! Kuzunguka ni miguu tu. Nyuki mkongani, siwezi!"

Wee! Mngewaona! Kiboko aliuzungukia mpaka mbio mbio, jasho jekundu linamtoka, Bi Nguchiro mbele akionyesha, "Hapa! Na hapa! Na pale kwenye jiwe!" Tembo nyuma akichimba na kupanda, chwa, mche, chwa, mche, miiba inamchoma na hasimami. Walipofika jiweni, Bwana Kobe, aliyeitwa na Bi Nguchiro tangu alfajiri, alikuwa ameshafika na magunia yake. Ndiyo, Kobe aliwatangulia. Wenye haraka walikuwa wamechelewa sana.

"Shamba ni la Kobe!" akatangaza Kiboko, pumzi juu juu. "Mimi Jumbe nimesema, kijiji kimesikia! Sasa waondoe hao!"

"Mara moja, Jumbe." Bi Nguchiro akapanda mtini, akabandua udongo. Vuuum! Kiboko akajitupa chini, pwata! Tembo akafumba macho.

Nzi mmoja akatua sikioni mwake. Mwingine akatua puani. Wakatembea, wakajipangusa miguu. Tembo akafumbua jicho moja.

"Hawa... hawa ni nzi!"

"Ndio wapangaji wangu, Mzee. Walipenda sana papai."

"Umetudanganya!" akanguruma Kiboko.

"Wiki saba mlinidanganya nyinyi," alisema Bi Nguchiro. "Mimi nimewadanganya tangu asubuhi tu."

"Naghairi! Sikukubali! Ua huu sio wa kweli!" alipiga kelele Tembo.

Bwana Kobe akanyoosha shingo taratibu. "Mzee, kwani nani ameupanda?"

Tembo akautazama mkonga wake. Ulikuwa umejaa udongo na miiba hadi juu.

Bi Nguchiro alivuka mto jioni ileile, Bwana Kobe akamsaidia magunia, maji yakiwa bado magotini. Walipokanyaga ng'ambo, tone la kwanza likadondoka, to! Kisha mvua yote. Tunu alikuwa mlangoni, kashika kiuno, uso umemsawijika.

"Mama! Nilidhani hutafika!"

"Nimefika, mwanangu. Nimefika." Akamkumbatia, akacheka, akalia, akacheka tena. Usiku huo alilala kama mtoto, na siku ya tatu alimpokea mjukuu wake kwa mikono yake mwenyewe.

Basi, wanangu: ukimzungusha mnyonge kwa sababu muda ni wako, siku moja utaifanya kazi yake mbio mbio, tena na miiba juu.