Alama Iliyokuwa Kulia kwa Mlango

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, enzi hizo wanyama walipokuwa wakikandika nyumba na kupika uji kama sisi, palikuwa na kijiji cha nyumba za udongo mwekundu. Kijiji hicho kilikuwa na desturi yake.

Nyumba ikishakandikwa, udongo ukiwa bado mbichi, wenyewe hukusanyika mlangoni. Baba anabonyeza mguu wake ukutani, kulia kwa mlango, pwaa. Mama anabonyeza wake kushoto. Watoto wanafuata chini yao, wanasukumana, wanapakana matope hadi puani. Udongo ukikauka, alama zinabaki. Hata ukuta ukikandikwa upya, mkono unazizunguka, hauzifuniki. Ukipita njiani unajua humu wanakaa akina nani.

Basi katika kijiji hicho alikaa Digidigi, yule paa mdogo mwenye macho makubwa na miguu kama njiti. Alikuwa mjane. Mumewe aliondoka alfajiri moja kwenda mtoni kuteka maji, na Chui naye alikuwa mtoni. Mtungi ulionekana. Yeye hakuonekana. Hapakuwa na kaburi, wala unywele wa kuzika. Kilichobaki cha yule bwana hapa duniani ni ile alama ya kulia kwa mlango, ncha yake moja imemeguka, maana aliwahi kujikwaa kwenye jiwe akavunjika ukwato.

Alimwacha mkewe na mimba. Akazaliwa binti, akaitwa Masika. Huyo Masika kila asubuhi, kabla ya kunywa uji, anakwenda ukutani, ananyoosha kiguu chake, anakiweka ndani ya alama ya baba.

"Bado, mama," anasema. "Bado pananipwaya."

"Kunywa uji. Siku moja utaijaza."

Sasa, mwenyekiti wa kijiji alikuwa Tembo. Tembo hakuwahi kuingia nyumba ya mtu, kwa sababu hakuna mlango uliomtosha. Nyumba alizijua kwa nje tu. Siku moja alitembea ng'ambo ya mto, akaona huko kuta nyeupe, laini kama yai. Akarudi kwake akakitazama kijiji chake, akaona haya. Akaunda baraza la kukagua sura za nyumba, akamchagua Kifaru awe mkaguzi.

Kifaru, jamani, haoni mbali. Ukisimama mbele yake anauliza kama wewe ni mtu au kichuguu. Ndiye aliyepewa kazi ya kutazama uzuri. Akapita nyumba hadi nyumba, pua imegusa ukuta, fuu, fuu, vumbi linaruka. Akafika kwa Digidigi.

"Hapa pana mashimo."

"Si mashimo, Bwana Kifaru. Ni mguu wa marehemu mume wangu."

"Marehemu hana kazi na ukuta. Sikiliza, mama Masika. Mwezi ukiandama, kuta zote ziwe laini, zimepakwa chokaa. Nitakayoikuta na mashimo naisukuma kwa pembe hii, na vyungu vyako humo humo."

Akaenda zake, du, du, du. Kanga wa nyumba ya pili alikuwa amesikia yote. Vifaranga wake walichukuliwa na mafuriko, na ukuta wake umejaa vidole vyao, kama mtu aliyemwaga vijiti.

"Shoga," akasema, "na wanangu wafutwe?"

"Hawafutwi."

"Utamzuia Tembo kwa kitu gani, wewe? Kwa miguu hiyo?"

"Miguu niache nayo," Digidigi akasema. "Tembo anajipenda. Nitaanzia hapo."

Kesho yake akaoga, akajifunga nguo yake ya kutokea, akaenda barazani. Akawakuta wakubwa wamejilaza kivulini wanafukuza nzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Umeshalainisha ukuta?"

"Naulainisha, mzee, sina ubishi. Ila nina jambo linanikereketa, nikaona nije niulize wenye akili."

Tembo akatandaza masikio. "Sema."

"Kuta zikiwa laini zote, nyeupe zote, mgeni akapita, atajuaje kijiji hiki kina mkubwa gani?"

Tembo akamtazama Kifaru. Kifaru akautazama mti, akidhani ni Tembo.

"Ng'ambo ya mto," akasema Digidigi, "nasikia wana majuto. Wamepaka chokaa, sasa mwenyekiti wao hatofautishwi na mchunga mbuzi. Mimi nilikuwa nawaza, mzee, mguu wako ungekaa ukutani, pale njiani wanapopita wageni wote."

"Mguu wangu," Tembo akasema polepole.

"Nyumba yangu iko njiani, nitakukandikia udongo mbichi. Tatizo ni moja tu. Mguu mkubwa ukiwa peke yake, nani atajua ni mkubwa? Mpaka pawe na midogo ya kuulinganisha. Ya Kanga, ya Sungura, ya sisi vidudu. Mgeni aione hiyo kwanza, nyumba baada ya nyumba, halafu afike kwenye wako. Lazima akae chini kwa mshangao."

Nzi wakawatambaa na hakuna aliyewafukuza.

"Kifaru," Tembo akasema mwisho, "nani aliyekwambia ufute alama za watu?"

"Si wewe, mzee?"

"Mimi nilisema uzitunze. Itangazwe leo. Atakayefuta alama hata ya kifaranga, nyumba yake isukumwe."

Mnaona? Digidigi alirudi nyumbani anarukaruka. Kanga alilia akacheka, akalia tena, akaenda kukaa chini ya ukuta wake.

Siku ya siku ikafika. Masika alikuwa kwa bibi yake, hakuwapo. Digidigi alikanda udongo mwororo, akaukandika kushoto kwa mlango, sehemu pana ya kumtosha mkubwa. Alama yake mwenyewe ya ujana ilikuwa hapo kushoto, akaifunika bila kuitazama mara mbili. Ya kwangu si kitu, alijiambia, mimi nipo. Kulia kwa mlango akatundika mkeka, ili macho yasiende huko.

Tembo akaja na kijiji kizima nyuma yake. Akasimama, akatazama ukuta, akatazama mkeka.

"Mama Masika, kwa desturi yenu, kushoto huweka mguu nani?"



"Mke, mzee."

"Na kulia?"

"Mwenye nyumba."

"Kwa hiyo leo umeniita niwe mkeo." Watu wakaangua kicheko, naye akacheka nao, lakini macho hayakucheka. "Kifaru, toa mkeka huo."

Kifaru akaudaka kwa pembe, akaurarua. Akaweka pua ukutani, fuu, fuu. "Hapa hamna kitu, mzee. Kadoa tu."

"Basi hapo ndipo pangu. Kandika, binti."

Kanga akamsogelea Digidigi, akamnong'oneza. "Mwambie. Sema ni nani huyo hapo ukutani."

Digidigi alifungua mdomo. Akamwona Tembo mbele ya watu wote, masikio yametandazwa, anangoja. Akiaibishwa hapo, tangazo linakufa hapo hapo. Pembe itarudi kazini. Akageuka akaona ukuta wa Kanga, na vile vidole vidogo vidogo.

Akafunga mdomo. Akachota udongo.

Akaukandika mwenyewe, taratibu, kuanzia chini kwenda juu, kama mtu anayemfunika mtoto shuka asiamke. Ncha iliyomeguka akaiacha ya mwisho. Halafu nayo akaifunika, akarudi nyuma.

Tembo akainua mguu. Pwaa! Ukuta mzima ukatikisika, vyungu vikagongana ndani.

"Mgeni atakaa chini," akasema Tembo.

"Atakaa," Digidigi akaitika.

Zikapigwa ngoma. Kila nyumba ikabaki na alama zake, za walio hai na za waliokwenda. Watu walikuja kumshika Digidigi mkono, kina mama hasa, wanamwambia Mungu akuweke, umetuokolea watoto wetu. Akawashukuru mmoja mmoja. Alikuwa na udongo kwenye kwato na hakunawa.

Asubuhi Masika akarudi kutoka kwa bibi. Kabla ya uji, kama kawaida yake, akakimbilia ukutani. Akanyoosha kiguu. Kiguu kikapotea ndani ya shimo kubwa, na yeye mwenyewe karibu atumbukie humo. Akasimama akishangaa.

"Mama. Mbona baba amekuwa mkubwa hivi?"

Digidigi aliweka mwiko chini. Maneno ya kumdanganya Tembo yalimjia upesi. Ya kumjibu mtoto alilazimika kuyatafuta.

"Huyo si baba, mwanangu. Baba yuko chini yake."

Masika akaweka sikio ukutani, akasikiliza sana.

"Sasa nitajuaje nikimfikia?"

"Njoo tunywe uji," mama yake akasema. Wakaenda. Lakini uji ulipoa kwenye bakuli, na hakuna aliyeugusa.

Na mimi naiacha hapo hadithi, mlangoni pa Digidigi. Shikeni moja tu, wajukuu zangu: ukimshinda mkubwa kwa kukichezea kiburi chake, kiburi hicho hakitakuuliza kikanyage wapi.